Gari ya turbo ikiongezwa nguvu: chagua ambrayaji kwa kuple, usichague kwa chevo

Kuna swali linanifikiaka mara kwa mara toka kwa wadogo wa promosheni za nyuma yetu, na juu mimi ni mtu wa agronomia, watu wanacheka wakisikia ninalijibu. Mtu amepata Subaru ya turbo. Imepitia Mombasa, ikapita Kampala, ikafika Butembo. Huko njiani kuna aliyeichezea kompyuta ya motere ili turbo ipulize zaidi. Gari inakimbia kweli. Lakini ikifika kwenye mlima wa Kabasha, motere inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, na gari yenyewe haiongezi mwendo. Harufu ya kitu kinachoungua inaingia ndani. Fundi anasema ambrayaji imeisha. Anafunga nyingine ya namna ileile, kiisha miezi michache harufu inarudi. Sasa mtu anataka kununua ambrayaji ya mashindano, ile anayoiona kwenye video. Achukue gani?

Ninalijibu juu nusu ya kazi yetu sisi wa shamba inafanyikaka ndani ya gari. Ukifuata kakao Mangina ao Mutwanga wakati wa mvua, utajifunza ambrayaji hata kama hukutaka. Tena kanuni inayotoa jibu tuliisoma oditwari, kwenye kozi ya mbolea. Nitaifikia.

Tuanze na kitu chenyewe. Ambrayaji iko kati ya motere na bwati ya vitesi. Nyuma ya motere kuko sahani nzito ya chuma inayozunguka nayo siku zote. Kwenye garaji inaitwa volani ya motere, si ile volani unayoshika mkononi. Inayofuata ni diske, iliyovalishwa pande zote mbili nguo ngumu ya kukwaruza, karibu ndugu ya ile ya freni. Katikati ya diske kuko meno yanayoingia kwenye shafti ya bwati. Juu ya diske kuko mekanisime, yenye resori moja kubwa ya umbo la sahani, inayobana diske kwenye volani. Ukikanyaga pedali, rulema ndogo inayoitwa bute inasukuma ile resori (kwenye Subaru kadhaa za turbo inaivuta), mbano unalegea, diske inabaki huru, unabadilisha vitesi. Ukiachia pedali, mbano unarudi. Ni hivyo tu. Hakuna meno kati ya motere na magurudumu kwenye ile fasi. Gari nzima inavutwa na nguvu ya mkwaruzo, sawa vile mtu wa chukudu anasimamisha mzigo wake kwa kukanyaga kipande cha tairi kwenye gurudumu la nyuma.

Boxer na TVS zetu ziko na ambrayaji pia, lakini ni diske nyingi nyembamba zinazooga ndani ya mafuta. Njo maana motari anaweza kuivutavuta kwenye matope asubuhi hadi jioni na bado anarudi nyumbani. Ya gari ni kavu, na mara nyingi diske ni moja. Joto likiingia halina pa kukimbilia haraka. Wadogo wengi walijifunza kuendesha kwenye moto kwanza, na wanaleta mkono wa moto kwenye gari. Tabia hiyo peke yake inaunguzaka diske ambazo hazikuwa na kosa.

Kama gari yako ni otomatiki, haina pedali hii. Soma tu kwa kujifunza.

Sasa kosa la kwanza la wanunuzi. Wanaulizaka: "Gari yangu ni ya chevo 350, nifunge ambrayaji gani?" Ambrayaji haijui chevo. Inajua kuple, nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa nyutoni-mita, yaani Nm. Ili uione kwa macho: chukua ufunguo wa urefu wa mita 1, utundike kwenye ncha yake bidoni 2 za jano za litre 20 zilizojaa maji. Nguvu inayosokota boloti pale ni karibu 400 Nm. Chevo ni hiyo kuple ukizidisha na mizunguko. Kanuni yake: kuple kwa Nm, mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 7,023. Kuple ya 400 Nm kwenye mizunguko 2,000 inatoa chevo 114. Kuple ileile ya 400 kwenye mizunguko 6,000 inatoa chevo 342. Ambrayaji imebeba mzigo uleule mara zote mbili.

Angalia magari tunayoyajua. Subaru Impreza WRX STI ya 2004 iliyouzwa Marekani iliandikiwa chevo 300 na 407 Nm. Land Cruiser ya familia ya 70 yenye motere ya V8 ya mazutu na turbo iko na chevo 205 tu, lakini kuple yake ni 430 Nm. Ile gari ya kazi, ambayo hakuna kijana anaiita ya spoti, inaiuliza ambrayaji yake zaidi kuliko STI. Na inaanza kuiuliza chini sana, tangu mizunguko 1,200, wakati STI inafika kilele chake karibu na 4,000.

Watu wa mashindano waliijua hiyo zamani. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya 1997 ndani ya Subaru Impreza. Wakati ule sheria ya mashindano ya dunia ililazimisha kila turbo ipumue kupitia tundu la milimita 34, ili chevo zisipite sana 300. Wahandisi hawakuvunja sheria. Waliacha chevo hapo hapo na kuongeza kuple ya chini na ya katikati, fasi tundu halibani sana. Kwa hiyo gari mbili zilizoandikiwa chevo 300, moja ya barabara na moja ya rally, hazikuhitaji ambrayaji moja.

Muuzaji akikuambia "hii inabeba chevo 400", muulize: kuple ngapi? Akishindwa kujibu, hajui anachouza. Vilevile maneno steji 1, steji 2, steji 3 hayana kipimo kimoja cha dunia. Kila kiwanda kinayapanga kivyake, na steji 2 ya mmoja inaweza kuwa dhaifu kuliko steji 1 ya mwingine. Tafuta namba ya Nm kwenye karatasi ya kiwanda.

Hiyo namba inatoka wapi? Hapa ndiko fasi tamu, na hesabu yake ni ya shule ya sekondari. Uwezo wa ambrayaji ni vitu 4 ukivizidisha: mkwaruzo wa nguo ya diske, mbano wa resori, nusu-kipenyo cha wastani fasi diske inakwaruza, na idadi ya nyuso zinazogusana. Diske moja iko na nyuso 2, mbele na nyuma.

Tuweke mfano. Diske ya milimita 230, nusu-kipenyo cha wastani milimita 95, yaani mita 0.095. Mkwaruzo tuseme 0.3, nguo ya kawaida ya organiki. Mbano tuseme nyutoni 7,000, kama vile mawe ya kilo 700 na kitu yamekaa juu ya diske. Nyuso 2. Zidisha: 0.3 × 7,000 × 0.095 × 2 = 399 Nm. Ikipita pale, inateleza.

Sasa utaka kupanda. Unaweza kugusa kila namba, na kila namba iko na bei yake isiyoandikwa kwenye karatoni.

Ukiongeza kipenyo kutoka 230 hadi 240, wastani unafika karibu milimita 100, unapata 420. Kidogo sana, na lazima volani ikubali. Ukiongeza mbano kwa asilimia 20, unapata 479. Diske inabaki ileile laini, gari inaondoka bila kishindo, lakini pedali inakuwa nzito. Kwenye foleni ya soko, mguu wa kushoto utakuambia. Tena uzito huo hauishii kwenye mguu: kila ukikanyaga, bute inasukuma motere kwa ubavu, na kusine ya ubavuni, ile inayozuia shafti kubwa ya motere isitembee mbele na nyuma, inakula. Njo maana kukaa umekanyaga pedali ukingoja ni tabia mbaya, na kwenye mekanisime ngumu ni mbaya mara mbili.

Ukibadilisha nguo ya diske uweke ile ya chuma kilichopondwa na kuokwa, ambayo mafundi wanaiita seramiki, mkwaruzo unapanda, tuseme 0.4, unapata 532 bila kugusa resori. Inavumilia joto kali ambalo organiki haiwezi. Vijana wanaipenda juu ya umbo lake la vipande 3, 4 ao 6 kama maua. Lakini inakamata ghafla. Haijui "polepole". Kwenye mashindano dereva anaiachia mara moja na kuondoka. Kwenye mteremko wa Butembo, nyuma ya Fuso iliyobeba viazi inayosogea hatua kwa hatua, inaruka na kuzima, inaruka na kuzima. Na ili kuepuka kuzima, mtu anakanyaga mafuta mengi na kuivuta katikati, akiitesa zaidi. Katikati ya hizo mbili kuko nguo ya nyuzi za kevlari, laini na yenye maisha marefu, lakini ukiiunguza vikali mara moja uso wake unakuwa kama kioo na hairudi tena.

Njia ya mwisho ni kuongeza nyuso. Diske 2 badala ya 1, nyuso zinakuwa 4, na 399 inakuwa 798 kwa mbano uleule. Ni hekima ya moto yetu imerudi. Ni nzuri sana na ni ya bei kali. Kwa gari ambayo haipiti 450 Nm ni kununua trakta kwa kulima bustani ya mchicha.

Sasa kanuni ya oditwari niliyoahidi. Wa agronomia wote wanakumbuka sheria ya kiwango cha chini, ile Liebig aliisambaza katika karne ya 19: mavuno hayaongozwi na mbolea uliyo nayo mingi, yanaongozwa na ile inayokosekana zaidi. Ukimwaga azoti kwenye udongo usio na fosforo, umemwaga feza. Na siku unaleta fosforo, mavuno yanapanda mpaka yanagonga ukosefu mwingine, labda potasi, labda maji. Mnyororo wa gari ni vilevile: motere, ambrayaji, bwati, shafti, tairi. Kiungo dhaifu njo kinaamua. Ukikiimarisha, udhaifu hauondoki. Unahamia kwenye kiungo kinachofuata.

Kwenye Impreza WRX ya bwati ya vitesi 5, kiungo kinachofuata kinajulikana dunia nzima: meno ya bwati. Bwati ya vitesi 6 ya STI ni ngumu kuliko, na hiyo ni sababu moja ya bei yake. Ambrayaji inayoteleza kidogo wakati kuple inapanda ghafla inafanya kazi ya fizibule ya umeme: inaungua yenyewe, nyumba inabaki. Ukifunga diske ambayo haitelezi hata siku moja, umeweka waya wa msumari fasi ya fizibule.

Rafiki mmoja wa Butembo alifanya hivyo. Seramiki ya vipande 6, tena katikati yake haina zile resori ndogo zinazomeza kishindo, kwenye bwati ya vitesi 5. Alifurahi sana. Harufu iliisha kabisa. Mwezi wa pili meno ya vitesi ya tatu yakavunjika akiwa anakimbiza saa, saa kumi na moja ya jioni, mahali ambapo hakuna nyumba. Bei ya bwati ilikuwa mara kadhaa ya ile ya ambrayaji, lakini si hiyo ilimnyima usingizi. Tangu Oktoba 2014 sisi wa Beni tunajua maana ya kukwama barabarani giza likikaribia. Huku kwetu kuchagua pyesi ni pia kuchagua fasi gani na saa gani gari itakuachia, na ambrayaji inayoungua inatoaka onyo la siku nyingi: harufu, mizunguko inayopanda bure, pedali inayokamata juu kabisa. Unaweza kuirudisha nyumbani kwa mguu mwepesi. Meno ya bwati hayatoi onyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mdogo wa Subaru ni la mtu wa katikati. Jua kwanza kuple ya kweli baada ya kompyuta kuchezewa. Tuseme WRX iliyotoka kiwandani na 294 Nm sasa iko na 400. Ongeza akiba ya asilimia 20 hadi 30 juu kuple ya turbo haipandi kwa ustaarabu, inaruka. Unatafuta ambrayaji ya karibu 500 Nm. Usinunue ya 800 eti "kwa siku za mbele". Nguo ya organiki, mekanisime yenye mbano mkubwa zaidi, diske yenye resori ndogo katikati. Pedali itakuwa nzito kidogo, utaizoea. Na kama bwati ni ya vitesi 5, rudisha pumzi ya turbo chini kidogo. Hiyo ni bure, na inafanya kazi kuliko pyesi zote. Ninajua hakuna atakayenisikiliza kwenye hii.

Turudi kwenye joto, juu mlima unabadilisha hesabu kuliko motere yenyewe. Wakati wa kuondoka, volani inazunguka na gari imesimama. Mpaka vitu viwili vifikie mwendo mmoja, tofauti yao inageuka joto ndani ya diske. Kwenye tambarare joto hilo ni karibu sawa na nguvu ambayo gari inaipata kwa mwendo: nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo. Gari ya kilo 1,500 ikiachiliwa kwa vitesi ya kwanza na ambrayaji ikimaliza kukamata kwenye kilomita 10 kwa saa, diske inameza karibu kilojuli 6. Ukiondoka na vitesi ya pili, inamaliza kukamata karibu na kilomita 18 kwa saa, na diske inameza kilojuli 19. Mara 3 zaidi, kwa sababu mwendo unazidishwa na wenyewe. Kuondoka na vitesi ya pili, ufundi wa madereva wengi wetu wa mjini, ni kununua ambrayaji 3 fasi ya 1. Weka sasa mteremko, abiria 5, gunia la kakao kwenye bagaji, na gari inayoshikiliwa mlimani kwa pedali ya ambrayaji badala ya freni ya mkono. Hapo hakuna mwisho wa joto, maana gari imesimama na diske inaendelea kukwaruza. Ambrayaji ya mashindano hailindi mtu na hiyo. Freni ya mkono inalinda.

Kuko kitu kingine cha milima yetu ambacho watu wa pwani hawakifikirii. Butembo iko juu ya mita 1,700, Beni chini yake, mita 1,100 hivi. Motere isiyo na turbo inapotezaka karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unapopanda, juu hewa ni nyepesi. Land Cruiser ya zamani yenye motere ya 1HZ, ile ya mashirika na ya wafanyabiashara, inatoka kiwandani na 285 Nm, na Butembo haiko nazo zote. Ambrayaji yake inapata pumziko bila kuomba. Turbo inapuliza hewa na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Kwa hiyo mtu anayefungia 1HZ turbo ya kando, na wako wengi, anaipa ambrayaji pigo mbili: kuple iliyoongezwa, na kuple ya mlima iliyorudishwa. Kiisha anapakia tani moja na zaidi. Kwa gari ile ushauri wangu ni uleule wa Subaru, ila ninasisitiza zaidi mbano na kipenyo, na ninakataa kabisa seramiki ya vipande. Gari ya mzigo kwenye matope inaishi kwa polepole.

Kazi ya Kasindi–Beni, kilomita 80, na Beni–Butembo, 54, iliyoingia kwenye mradi wa barabara wa Kongo na Uganda uliozinduliwa 2021, itapunguza matope kwenye njia kubwa. Barabara za vijijini, zile za kutoa mazao, ziko nje ya ule mkataba.

Kununua. Butembo kuko wafanyabiashara wanaofika Dubai na Guangzhou, na kwa pyesi za Japani watu wanatumaka Kampala, soko la Kisekka, ao Nairobi, barabara ya Kirinyaga. Majina ya viwanda vya ambrayaji unayoweza kukutana nayo ni kama Exedy na Aisin za Japani, Valeo ya Ufaransa, Sachs na LuK za Ujerumani. Shida ni kwamba karatoni yenye jina zuri inachapwa popote. Toa diske, uiangalie: meno ya katikati yaliyokatwa safi, ribiti zilizozama sawasawa chini ya uso wa nguo, namba iliyogongwa kwenye chuma na si kibandiko tu, resori ndogo zisizocheza ukizitikisa mkononi. Linganisha na ya zamani kabla ya kulipa: kipenyo, idadi ya meno, kimo cha mekanisime, na kama bute ni ya kusukuma ao ya kuvuta. Ambrayaji ya okazio iliyotoka kwenye gari ya ajali sikushauri. Kazi ya kushusha bwati ni ileile kwa pyesi mpya na kwa pyesi iliyobakisha miezi 4, na hiyo kazi unailipa tena.

Kwa sababu hiyohiyo badilisha diske, mekanisime na bute pamoja, hata kama fundi anakuambia bute bado nzuri. Bwati ikiwa chini, angalia spi ya nyuma ya motere. Kama inatoa mafuta hata kidogo, ibadilishe siku ile ile, maana tone likifika kwenye diske hesabu yetu yote ya mkwaruzo inaanguka. Mara nyingine ile "ambrayaji iliyoisha" ya kwanza ilikuwa tu spi inayovuja. Tazama pia silinda ya pedali na ile ya bwati, kama hazitoi mafuta ya freni, juu mekanisime ngumu itazikamua zaidi.

Volani yenyewe lazima isafishwe uso kwenye turni, ikiwa na alama za buluu za joto ao mistari. Hapo niseme kwa nguvu: turneri atoe kidogo tu, asawazishe, basi. Kuna vijana wanaomwomba aipunguze uzito ili motere ipande haraka. Volani nyingi za kiwanda ni chuma cha kumimina, na chuma hicho kikikondeshwa kinaweza kupasuka kwenye mizunguko 6,000, kipande kikapita kwenye sakafu ya gari na miguu ya mtu. Anayetaka volani nyepesi anunue ya chuma cha pua cha kufuliwa, iliyotengenezwa hivyo. Na hata hiyo, Butembo itakusumbua: uzito wa volani njo unaosaidia gari kuondoka mlimani bila kuzima.

Jambo dogo la garaji: vumbi la diske za zamani lisipulizwe na kompresa. Nyingine, za miaka mingi, zilikuwa na amianti, na anayevuta ile hewa ni kijana wa miaka 16 aliye chini ya gari. Futa na kitambaa chenye maji.

Baada ya kufunga, jaribu barabarani fasi iliyo wazi: vitesi ya nne, mizunguko ya chini, kanyaga mafuta polepole hadi mwisho. Mizunguko ikipanda pamoja na mwendo, inashika. Mizunguko ikiruka peke yake, kuna mafuta kwenye diske ao pedali haikupimwa vizuri. Lakini usifanye jaribio hilo siku ya kwanza. Diske mpya na volani iliyosafishwa hazijajuana bado. Nyuso zinagusana kwa vichwa vya milima tu, na ukizipa kuple yote zinaungua kwenye vile vichwa. Zinataka kilomita 500 hadi 800 za mwendo wa kawaida, kuondoka na kubadilisha vitesi mara nyingi, bila turbo kupuliza hadi mwisho. Safari 5 za kwenda na kurudi Beni–Butembo ni kilomita 540. Kwa ile wiki, acha Noah zikupite.